Mwenyekiti wa Jina Tu

Jumatatu, 3 Juni

Kwa Mwenyekiti, ambaye pia ni mke wangu,

Tangu uondoke kwenda huko mafunzoni, nyumba hii inang'aa kuliko siku niliyokuoa. Nafagia mbele na nyuma. Chakula napika mwenyewe na majirani wanasimama mlangoni kunusa. Shati nimelipiga pasi mpaka kola imesimama kama askari mbele ya bendera. Kwa kifupi, sijapungukiwa na kitu.

Sasa ngoja nivute pumzi, maana mkono unaoandika uongo huchoka upesi. Sufuria kubwa imeungua mpaka imetoboka. Majirani walisimama mlangoni kweli, lakini walikuja na ndoo za maji. Kola imesimama kwa sababu imekauka na sabuni. Na kinachong'aa humu ndani ni jua, kwa kuwa sijui ulikoweka mapazia ulipoyafua.

Usiniulize kwa nini sipigi simu. Sikio la kulia limestaafu kabla yangu, na la kushoto linataka lipigiwe kelele. Unakumbuka uliponong'ona kwenye simu kwamba umeninunulia nguo za ndani, mimi nikauliza ni saizi gani, na ua mzima ukanijibu. Bora barua. Hata kwa mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la nne, barua haisikiki kwa jirani.

Kazi ya kikundi inakwenda. Mikokoteni inatoka asubuhi, taka zinaletwa kwenye kiwanja chetu nyuma ya soko, na wanawake wako wanazichambua: za kuoza huku, plastiki kule, chupa kule. Mimi nakaa langoni, ufunguo shingoni. Wanataka lango lifunguliwe mapema, ati wamalize kabla jua halijawa kali, wawahi majumbani mwao kupika. Nimewaambia lango linafunguliwa nikimaliza chai. Lazima mahali pawe na utaratibu.

Na kwa upendo nakukumbusha ulivyokipata hicho kiti, maana nasikia vyeo huleta usahaulifu. Baraza la mji lilipotoa sheria yake mpya, kwamba taka za mitaa zikusanywe na vikundi vinavyoongozwa na wanawake, na kwamba kikundi kisicho na mwanamke juu kisisogeze pua kwenye kiwanja kile, sisi wasukuma mikokoteni tulitazamana kama mbuzi waliofungiwa nje. Wakubwa walisema mwanamke ndiye anayeijua taka, kwa kuwa inazaliwa jikoni. Haya, tukatafuta mwanamke. Fundi Magurudumu ana mke lakini hawasemezani. Kipara wake yuko kwa mama yake mpaka atakapoombwa radhi, na Kipara haombi. Nikasema wangu yupo, anajua kusoma na kuandika, na si mwingi wa maneno. Hilo la mwisho sijui nililitoa wapi. Ukatia sahihi mikono ikiwa na unga, kiwanja tukakipata, kampuni ya malori iliyokuwa inakimezea mate ikarudi na njaa yake. Makubaliano yalikuwa jina lako, kazi yetu. Hakuna aliyesema ungeitwa mji mwingine ukakae kwenye kiti chenye mto.

Nisaidie jambo moja dogo. Huyo mwalimu wenu ni mwanamume au mwanamke? Nauliza tu, nisije nikakosea salamu.

Mumeo wa halali,
Mlinzi wa Lango


Jumapili, 9 Juni

Baba watoto,

Barua nimeipata kwa mkono wa dereva wa lori la vitunguu. Mapazia yamo ndani ya sanduku unalolikalia kila asubuhi ukivaa viatu. Sufuria iliyotoboka usiitupe, tutaotesha kitu ndani yake.

Mwalimu ni mwanamume. Sisi tunamwita Bwana Mboji, kwa sababu ndicho anachofundisha: namna ya kuzilundika taka za jikoni pamoja na majani makavu mpaka zigeuke udongo mweusi wa kurutubisha bustani. Lundo likitunzwa vizuri, ndani linachemka bila moto. Anachomeka nondo katikati, anaiacha, kisha anaichomoa na kutuambia tuishike mmoja mmoja. Ikikufanya uiachie upesi, lundo liko hai. Ukiweza kuishika na kupiga soga, limekufa. Anasema pia ukikamata konzi moja ukaikamua, mkono ulowe tu, maji yasidondoke. Yakidondoka, ongeza makavu, la sivyo litanuka na jirani atakwenda kushtaki. Geuza mara kwa mara. Funika na magunia mvua isilipooze. Mwambie wifi yangu, dada yako, aanze mara moja na taka zile za kuoza. Yeye ana mkono wa kazi.

Huku tuko wenyeviti wa mitaa mingi. Siku ya kwanza mmoja alijitambulisha hivi: "Mimi ni mwenyekiti wa jina, mwenyekiti wa mwili ni mume wangu." Tulicheka mpaka mpishi akatoka jikoni kuangalia. Kisha tukaulizana, na karibu wote tuliwekwa kama nilivyowekwa mimi. Kicheko kikaisha chenyewe.

Kwa hiyo nina mambo mawili. La kwanza, fundi wa kuchomelea atakuja kushusha mipini ya mikokoteni mitatu. Mwache afanye. Mipini ile ilipimwa kwa mabega ya wanaume, wifi akisukuma inamgonga kidevuni. Wasichana wakiwa na mikokoteni wataingia mpaka ndani ya nyua kuchukua taka, kwa sababu wao wanafunguliwa milango. Nyinyi mnaachiwa taka nje ya ukuta, mbwa wanazichana, mvua inazisomba mpaka mtaroni.

La pili, ufunguo mpe wifi. Chai yako inaweza kunywewa bila ufunguo.

Mkeo


Alhamisi, 13 Juni

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nimesoma habari za Bwana Mboji na nondo yake. Nimezisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Yaani wanawake wazima, wenye wajukuu, mnapanga foleni kushika nondo ya mwanamume mmoja, na hayo ndiyo mafunzo? Mimi nimesukuma mkokoteni tangu huyo bwana akiwa hajaota meno, au kama ni mzee, tangu akiwa bado nayo. Nimeziona taka za mji huu zikifukiwa, zikichomwa, zikitupwa bondeni usoni pa mbao zinazokataza kutupa. Hakuna aliyewahi kuniita mji mwingine nikafundishe.

Dereva wa lori la vitunguu, mtu ambaye macho yake ni mazima kuliko breki zake, ameniambia alikupita barabarani unatembea na mwanamume mrefu mwenye viatu vya mpira, mko chini ya mwavuli mmoja, na wewe unacheka. Na mvua sina ugomvi, inanyesha popote inapotaka. Na mwavuli nao sina ugomvi. Nataka kujua kilichochekesha.

Wanasema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Mimi nimekonda, lakini ni kwa sababu ya upishi wangu. Usije ukajivunia.

Fundi wa kuchomelea alikuja. Ameshusha mipini ya mikokoteni mitatu, na kwa uhodari wake wa kuhesabu mmojawapo ni wangu. Sasa nasukuma nimeinama kama mtu anayetafuta shilingi iliyodondoka. Kipara ananiuliza kila asubuhi nimeiangushia wapi. Wasichana wamefurahi, wanapita uani kwa watu wakiimba, na jirani mmoja aliyekuwa hanifungulii mlango hata nikigonga kwa gongo aliwakaribisha wakae kwanza. Nimelihifadhi moyoni pamoja na mengine.

Ufunguo uko salama shingoni mwangu. Wifi yako ameuomba mara moja kwa adabu na mara moja bila adabu. Nimemwambia ufunguo hauhami kwa barua.

Halafu wifi yako ana maswali, mimi natumwa tu. Anauliza: maganda ya mayai yanaingia au hayaingii? Lundo likiwa na chungu wengi ndani, ni kavu mno au ni la bahati? Kulifunika na magunia, je, hewa litavuta wapi? Na anauliza, yeye, si mimi, kama huyo bwana ana mke.

Mumeo,
Asiye na mwavuli


Jumatano, 19 Juni

Baba watoto,

Mwambie wifi, kama kweli ni wifi, kwamba maganda ya mayai yanaingia yakipondwa. Chungu ni dalili ya ukavu, anyunyize maji. Gunia lina matundu, litavuta hewa hapo hapo. Na bwana huyo alikuwa na mke, akafariki. Mwambie wifi asitabasamu wala asinune, nimemjibu tu alichouliza.

Kilichonichekesha chini ya mwavuli ni wewe. Nilikuwa namsimulia siku ulipoingia mtaroni kuokoa kiatu cha jirani, ukatoka na viatu vitatu na kati yao cha jirani hakimo. Na yeye alicheka.

Mimi na wewe tumezeeka pamoja, kwa hiyo nitakueleza ana nini, usije ukaumiza kichwa bure kwa kupima urefu wake na viatu vyake. Ananisikiliza, hana kingine. Jana nilisema darasani kwamba sheria inatutaka tuongoze lakini mikutano ya baraza inaitwa saa ambazo sufuria ziko jikoni. Nikasema kiwanja kimeandikwa kwa kikundi cha wanawake, ufunguo uko shingoni mwa mwanamume, anafungua akishashiba. Nikasema mtaro ukiziba maji hayaingii ofisini kwa aliyeandika sheria, yanaingia chumbani kwa yule yule aliyemenya viazi, na ndiye anayeamka kuyakomba. Nilisema yote bila kupumua. Hakunikata neno. Nilipomaliza akasubiri kidogo, labda nina lingine. Na nilikuwa nalo! Sijui kama unajua mtu anavyojisikia akisubiriwa hivyo. Mimi nilikuwa sijui.

Sasa sikiliza na wewe. Baraza limegundua kwamba vikundi vingi vya wanawake ni vya jina tu. Limetuma mkaguzi azunguke mitaa yote kabla sisi hatujarudi. Akikuta mwanamke amewekwa kama pazia, kikundi kinafutwa na kiwanja wanapewa watu wa malori. Wakipewa hao, mikokoteni yenu mtaigeuza meza. Kwa hiyo akija, mpelekeni kwa wanawake, wao ndio wanaoamua siku hizi. Na wewe, tafadhali, kunywa chai yako.

Mkeo


Jumamosi, 22 Juni

Wifi yangu mpenzi,

Keti kwanza, ndio uendelee kusoma.

Alhamisi alikuja mama mmoja wa baraza, mfupi, mkoba wake umejaa kama wa mkunga. Sisi tulikuwa tumesimama nje kwenye jua tunasubiri bwana mkubwa amalize chai. Yule mama akasimama nasi bila kujitambulisha, akauliza tunasubiri nini. Wasichana wakamwambia tunasubiri ufunguo. Hapo ndipo kaka yangu akatokea, anatembea polepole kama bwana harusi, ufunguo unaning'inia kifuani. Mama akamuuliza yeye ni nani humu. Wifi, angesema "mlinzi" yangeisha. Lakini Kipara alikuwa amemtania asubuhi ile kwamba siku hizi anaendeshwa kwa barua kama mzigo wa stoo, na maneno hayo alikuwa hajayameza. Akasema: "Mimi ndiye mwenyekiti. Yule aliyeko mafunzoni ni wa jina tu, tulimweka sisi."

Mama akafunua mkoba, akasema, vizuri, mimi ni mkaguzi.

Nimemjua kaka yangu tangu tunagombania kijiko, sijawahi kumwona akigeuka rangi hivyo. Alianza kusema alikuwa anatania, lakini mkaguzi akasema hajaona mtu akicheka. Akasema atarudi kusikiliza mara ya pili, na asipobadilisha mawazo kiwanja kitakwenda kwa malori. Barua yako ya kutuonya imefika Ijumaa. Dereva alikuwa amepata pancha.

Fundi Magurudumu hamsalimii. Wasichana wananiuliza kama waanze kutafuta kazi ya kufua. Yeye hatoki nje ila asubuhi mapema. Jambo moja tu silielewi. Mbali na malundo yetu, kuna lundo jingine la mboji kwenye pembe, nyuma ya ukuta, analigeuza kabla sisi hatujafika, anadhani hatujui. Nilipomkuta akasema anatafuta kisu kilichopotea. Kisu gani kinatafutwa kwa koleo kila siku?

Na mimi sijawahi kuuliza habari za maganda ya mayai. Umeandika kwamba nilikutumia maswali. Sikukutumia swali lolote.

Wifi yako


Jumatano, 26 Juni

Barua hii haina salamu.

Wifi amenieleza. Wenyeviti wenzangu wameniuliza kwa nini sili, nikasema jino.

Nimefikiri ningekuandikia kwamba ulidanganya. Haiwezekani, kwa sababu hukudanganya. Siku mliyokaa juu ya mikokoteni mkaniteua, hilo la jina tu lilikuwa ukweli mtupu, na mimi nililikubali nikiwa na unga mikononi. Ila baada ya hapo nilifanya kazi. Nilikwenda nyumba kwa nyumba mpaka wanawake wakakubali kutenga taka. Nilikaa na fundi, nilikaa na wenye soko. Kiti kilikuwa cha uongo, nikakikalia mpaka kikawa cha kweli, na wewe ulikuwepo ukiona. Ndiyo sababu umesema vile. Usingesema kama kingekuwa bado cha jina tu.

Sirudi kabla ya mafunzo kwisha. Usiniandikie kwamba unaumwa.

Maisha yote nimekuambia useme nini: kwa wakwe, kwa walimu wa watoto, kwa daktari. Safari hii mkaguzi akirudi sema unachotaka mwenyewe. Mimi sikutumii maneno.

Mwenyekiti


Jumatano, 3 Julai

Mke wangu,

Siumwi. Hata nikiumwa sitasema, nimezuiwa kwa maandishi.

Ufunguo nilimpa wifi yako saa ile ile nilipomaliza kusoma barua isiyo na salamu. Hakusema asante, alisema "hatimaye." Shingo imekuwa nyepesi, nageuka geuka ovyo. Lango sasa linafunguliwa mapema na, nikiri, jua halijali kama nimekunywa chai au sijanywa.

Jana mkaguzi alirudi. Wifi yako atakuandikia, na atakuambia kwamba nilijiaibisha mbele ya mtaa mzima. Mwache aandike, yote aliyoyaona ni kweli. Mimi nakuandikia ambayo hakuyaona.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilivaa shati lenye kola. Walikusanyika wanawake wote, wasukuma mikokoteni wote, mpaka wauza soko wakaacha meza zao. Nikasimama, nikasema, mama, siku ile nilisema uongo, mwenyekiti ni mke wangu. Akanitazama kama mtu anayetazama nyanya iliyooza upande mmoja. Akasema siku ile ulisema lile, leo unasema hili, nikuamini lini? Maneno hayana kazi hapa. Akasema ataniuliza kazi yenyewe. Kama kweli mimi ndiye ninayeongoza kwa siri, majibu nitakuwa nayo. Kama ni mke wangu na wanawake wake, watakuwa nayo wao.

Hapo nikaona nimekwisha. Kwa sababu, mke wangu, majibu ninayo.

Ninayo yote. Yale maswali ya wifi yalikuwa yangu, ulijua na mimi nilijua kwamba unajua. Tangu ulipoandika habari za nondo sikulala kwa amani. Nilisema moyoni, kama siri ya yule mrefu ni lundo linalochemka, basi na mimi nitalichemsha, tuone. Nikaanzisha langu nyuma ya ukuta. Nimelikamua, nimelifunika, nimelipondea maganda ya mayai kama nampondea mgonjwa dawa. Wiki ya kwanza lilinuka mpaka paka wakahama. Nikaongeza makavu. Siku moja nikachomeka nondo, nikaichomoa, nikaishika, nikaiachia na kupiga kelele, halafu nikacheka peke yangu kama mwehu. Nilitaka ukirudi nikuite nyuma ya ukuta, nikuambie shika. Nilitaka umsahau hapo hapo.

Basi mkaguzi akaanza. Akaniuliza kwa nini malundo yamefunikwa magunia. Ulimi uliwasha. Nilikuwa na jibu refu, lenye mvua na joto na hewa ndani yake. Nikasema, ili kuku wasione. Watu wakaangua kicheko. Wifi yako akajibu vizuri.

Akauliza nitajuaje kama lundo linafanya kazi. Nikawaona Kipara na Fundi Magurudumu wameniegemea kwa macho, wanangoja mwenzao awatoe aibu. Nikasema, mama, mimi nalipigia hodi, lisipoitika najua liko kazini. Kipara alifunika uso. Msichana mmoja, yule mdogo anayeimba, akaeleza habari za nondo mwanzo mpaka mwisho, akaeleza na ya kukamua konzi, mkaguzi akaandika. Akauliza nani alisema mipini ishushwe, nani alipanga wasichana waingie uani, nani aliongea na wenye soko. Kila swali lilijibiwa na sauti za wanawake na kila jibu lilikuwa na wewe ndani yake.

Nilidhani yamekwisha. Akaanza kuzunguka kiwanja, akafika nyuma ya ukuta. Nikamfuata roho juu. Akainama kwenye lundo langu, akafunua gunia, akachukua konzi akaikamua, akanusa. Akachomeka nondo, akasubiri, akaichomoa, akaishika na kuiachia. Akasema mitaa yote aliyopita hajaona lundo lililotunzwa kama lile. Akauliza ni la nani.

Mke wangu, katika umri huu wote, mtu wa serikali amenisifu mara moja tu, na hakujua kama ananisifu mimi. Wifi yako alinitazama, nadhani alikikumbuka kile kisu. Ningesema "langu," ningekuwa mkubwa kwa muda wa kumeza mate, na malori yangeingia siku ya pili.

Nikasema: "La mke wangu. Anatuma maelekezo, sisi tunasukuma tu."

Akasema nikufikishie kwamba una mkono mzuri. Kwa hiyo nakufikishia. Kikundi kimepita. Kiwanja ni chenu. Wanawake walipiga vigelegele, Fundi Magurudumu akanisalimia, na Kipara tangu jana anapiga hodi kwenye kila kitu anachopita, mpaka kwenye ndoo.

Wivu haujaisha, usije ukadhani nimekuwa malaika. Wa mwavuli ungaliko, unatulia mvua isiponyesha. Lakini ule mwingine ndio ulionitoa ulimi siku ya Alhamisi, na ulikuwa wa kiti. Niliona watu wakikuuliza wewe. Mimi nimebeba taka za watu hawa mpaka mgongo ukawa na umbo la mkokoteni, na hakuna aliyewahi kuniuliza kitu isipokuwa nitapita saa ngapi. Nilikuona unaulizwa, nikatamani.

Sasa tuzungumze kama watu wazima. Nimevaa ujinga mbele ya mtaa mzima kwa ajili yako, na ujinga ule ulinibana kuliko viatu vipya. Nakudai. Sitaki zawadi, wala nguo za ndani, ninazo. Nataka hivi: ukirudi, kwenye mkutano wa kwanza, watu wakishakaa na wewe ukishakikalia kiti chako, nigeukie uniulize swali. Moja tu, hata liwe rahisi. Uliza, mzee, kwa nini tunayafunika malundo magunia? Na mtu akitaka kunisaidia kujibu, mwambie akae.

Mumeo